Wiki ya Rehema Mlimani

Wadogo zangu, leo nawasimulia wiki moja ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Tumwite Rehema. Rehema si mtu mmoja. Nimemfuma kutokana na wanafunzi wa mwaka wa mwisho ninaowaona wakipanda na kuteremka Mlimani, kwa huyu nikaazima viatu, kwa yule nikaazima haraka. Lakini taratibu anazozifuata, vyeti anavyodaiwa na foleni anazopanga ni za kweli, na nyinyi mlioko sekondari mtazikuta.

Ni mwezi wa Mei. Mvua za masika zinaaga, na majani ya Mlimani yamekolea kijani. Rehema yuko mwaka wa tatu, anasomea uhasibu, na mitihani ya mwisho inabisha hodi. Analala hosteli za Magufuli, yale majengo 20 yaliyozinduliwa Aprili 2017 ili yachukue wanafunzi 3,840. Chumbani wako wanne, na madesa yao ya masomo yametapakaa kuanzia mlangoni hadi dirishani. Kwao ni Korogwe. Mama yake anauza nyanya na vitunguu gengeni, na kila akipiga simu, salamu zikiisha tu, anauliza: "Mwanangu, kazi vipi, imeshapatikana?"

Baba yake mkubwa ndiye asiyemwelewa kabisa. Yeye alisoma hapohapo Mlimani miaka ya 1970, na anashangaa kusikia mtu bado hajamaliza masomo ameshaanza kuhangaikia kazi. Msimlaumu mzee. Enzi zake mhitimu alikuwa akipangiwa kazi na serikali. Chuo chenyewe kilifungua milango Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Nchi changa ilikuwa na njaa ya wanasheria, wahandisi, walimu na wahasibu. Chuo kilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970, njaa ile ilikuwa bado haijaisha, na aliyemaliza alijua anakwenda kituo gani hata kabla joho halijakauka jasho.

Kisha mambo yakageuka. Uchumi uliyumba miaka ya 1980, mashirika ya umma mengi yakauzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, na serikali ikaacha kumpangia kila mhitimu kazi. Vyuo navyo vikaongezeka, na wahitimu wakaongezeka. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70. Walijitokeza zaidi ya 10,000, ikabidi usaili ufanyikie Uwanja wa Taifa, vijana wamekaa kwenye viti vya mashabiki wa mpira na karatasi magotini. Ukishaipata picha hiyo, utaelewa kwa nini Rehema anaamka saa kumi na moja alfajiri.

Jumatatu anaamka na kukuta simu imejaa. Kundi la WhatsApp la darasa limemwaga matangazo ya kazi usiku kucha: benki inataka wahitimu wapya, shirika fulani linataka msaidizi wa hesabu Mtwara, halmashauri zinaajiri. Kila tangazo limesindikizwa na maneno "mwambie na mwenzio". Rehema amejifunza kutoyarukia. Anakaa kwenye kimbweta, ile meza ya zege yenye mabenchi yake ambayo kila aliyesoma Mlimani anaijua, anayasoma moja moja mpaka mwisho, hasa ule mwisho wenye maandishi madogo.

Kazi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, na maombi yote yanapita kwenye tovuti yao ya ajira. Masharti yake Rehema anayajua kwa moyo: barua iliyosainiwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo, cheti cha kuzaliwa, wadhamini watatu. Matokeo ya muda hayakubaliwi, wala ile karatasi ya matokeo uliyopewa shuleni ukiwa unasubiri cheti. Maana yake Rehema hana la kuomba huko mpaka amalize na cheti kitoke. Wenzake wengi wakishajua hilo wanafunga ukurasa. Yeye anaamua kufungua akaunti kesho yake na kuanza kujaza taarifa zake taratibu, maana siku ya mwisho ya tangazo lolote tovuti hulemewa na watu.

Zinabaki kampuni binafsi, ambazo nyingine humpokea mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini. Baadhi ya nafasi hizo zinaratibiwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Rehema anaandika wasifu wake, CV kama tunavyoiita sote. Jina, elimu, lugha, kompyuta. Anafika penye neno "uzoefu" na kalamu inagoma. Aliwahi kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri, likizo ya mwaka wa pili. Anaandika mstari huo mmoja. Chini yake kuna nafasi nyeupe ya kutosha kuegesha daladala. Anauangalia weupe ule muda mrefu, halafu kengele ya simu inamkumbusha kipindi cha saa mbili, anakimbia.

Jumanne ni siku ya vyeti, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapokwama.

Kufungua akaunti ile ya ajira kunahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Rehema anaingiza namba yake na jina lake linajitokeza lenyewe: Rehema Ali. Anaganda. Cheti chake cha kidato cha nne kinasema Rehema Ally. Cha kidato cha sita, Ally. Cha kuzaliwa, Ally. Siku ile ya kuandikishwa kitambulisho kule Korogwe, mtu aliyekuwa akijaza fomu aliandika jina la baba kama alivyozoea yeye kuliandika, na Rehema, mwenye miaka kumi na minane na njaa ya kutwa kwenye foleni, akasaini.

Baba ni yuleyule mmoja. Lakini anayepitia maelfu ya maombi hana namna ya kulijua hilo. Yeye anaona majina mawili, na kazi yake ni kuhakikisha cheti hiki ni cha mtu huyu. Wamewahi kukamatwa kazini watu waliokuwa wakitumia vyeti vya wenzao, kwa hiyo ofisi zimekuwa kali kwenye majina, na mimi siwalaumu.

Rehema anateremka hadi steshenari iliyo nje ya geti. Ndani mnanuka wino wa moto. Mashine ya kudurufu inaguna, kijana wa dukani anachomoa karatasi huku anajibu simu, ukutani pamebandikwa bei za kopi, kuskani, kulaminisha na picha za pasipoti. Rehema anatoa vyeti vyake halisi kwenye bahasha ya plastiki, kimoja kimoja kwa ncha za vidole. Mama yake alikilaminisha cheti cha kidato cha nne kwa kukionea huruma, na sasa taa ya mashine inarudi na kumeta juu yake, maandishi hayasomeki. Kijana anakiinamisha kidogo, anajaribu tena, anajaribu tena, mpaka muhuri unaonekana.

"Dada, na hiki cha kuzaliwa nikiskani kwa rangi?"

"Kwa rangi kaka yangu, tafadhali. Na usiyaache mafaili yangu kwenye mashine, nifutie nikiona."

Andikeni mahali hilo la pili. Cheti chako kikibaki kwenye kompyuta ya duka, anayekuja baada yako anaweza kukichukua.

Kutoka hapo anakwenda kwa wakili. Wakili anaapisha, anaandaa hati ya kiapo inayosema kwamba Rehema Ali na Rehema Ally ni mtu mmoja, anagonga muhuri. Vilevile anathibitisha nakala za vyeti baada ya kuzilinganisha na vyeti halisi. Hati ile ataipeleka ofisi ya NIDA ya wilaya aombe taarifa zirekebishwe. Nauli, ada ya wakili, kopi, chakula cha njiani: fedha ya kujikimu anayokopeshwa na Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, hutoka kwa mafungu, na fungu hilo ndilo wanafunzi wanaliita bumu. Bumu la Rehema limebaki mkiani. Siku hiyo jioni amekula muhogo na chachandu. Herufi mbili, L na Y, zimekula chakula chake cha mchana na cha usiku.

Jumatano nitaipitia haraka. Vipindi asubuhi, kazi ya kundi mchana, na usiku ni bethdei ya mwenzake wa chumbani. Wenzake wamemvizia mwenye bethdei na ndoo ya maji koridoni, amelowa chapachapa, keki imekatwa vipande vidogo ili wote waliokuja wapate. Rehema alikuwa amepanga kulala saa tatu kwa sababu kesho ana usaili. Akaenda hata hivyo, akamwagia maji, akaimba, akarudi kulala saa nne na nusu. Kuna watakaosema amepoteza muda. Subirini kidogo.

Keki ilipokwisha, walewale waliomwaga maji walimkalisha Rehema kitandani wakajifanya jopo la usaili. Mmoja akakunja uso na kumwuliza kwa Kiingereza ajieleze. Rehema akababaika. Wakamwambia rudia. Usaili wa kampuni nyingi unafanyika kwa Kiingereza, na mtu anayejua uhasibu wake wote anaweza kuukosa mdomoni kwa sababu hajawahi kuusema kwa sauti mbele za watu. Alirudia mpaka aliyekunja uso akaukunjua.

Alhamisi usaili ni saa tatu asubuhi, kampuni ya ukaguzi wa hesabu iliyoko Posta. Rehema anatoka saa kumi na moja na nusu. Daladala hadi Ubungo, kisha anapanda ngazi kwenda kituo cha mwendokasi, yale mabasi marefu yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016. Mlango ukifunguka watu wanajaa kabla waliomo hawajashuka. Blauzi nyeupe ameivaa, koti amelikunja kwenye mfuko, viatu virefu viko kwenye mkoba na miguuni ana ndala. Anafika Posta saa moja na nusu, anavaa viatu kwenye kona ya jengo, anakunywa maji, anangoja.

Kumbe kabla ya mahojiano kuna mtihani wa maandishi. Karatasi moja, swali la kwanza: daftari la fedha la kampuni linaonyesha salio la benki ni shilingi 940,000, taarifa ya benki inaonyesha 1,120,000, hundi ya 200,000 haijafika benki, na ada ya benki ya 20,000 haijaandikwa daftarini. Oanisha.

Wengi ukumbini walianza kutafuna kalamu. Ngoja niwaeleze, maana ni jambo zuri na si gumu. Daftari lako na daftari la benki yanaandika fedha zilezile, lakini kwa nyakati tofauti. Wewe ukimwandikia mtu hundi ya 200,000 leo, unaitoa kwenye daftari leo. Benki haijui mpaka yule mtu aipeleke, na huenda ataipeleka wiki ijayo. Kwa upande wa pili benki imekukata ada ya 20,000 na wewe hujaambiwa. Basi ukitoa ile 200,000 upande wa benki, unapata 920,000. Ukitoa 20,000 upande wa daftari lako, 920,000. Vitabu vimekutana. Visipokutana, kuna kosa au kuna wizi, na ndiyo sababu kampuni inataka mtu anayejua kuvikutanisha.

Rehema alilimaliza swali hilo mapema. Darasani alilisoma, ni kweli, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kwa sababu nyingine. Tangu Machi yeye ndiye mtunza hazina wa kamati ya send-off ya binti wa shangazi yake, huko Mbagala, yaani sherehe ya familia ya binti kumuaga kabla ya ndoa. Kila Jumapili wanakutana, watu wanaahidi michango, wengine wanatoa taslimu, wengine wanatuma kwa simu, wengine wanaahidi tena. Rehema ana daftari lenye safu mbili: ahadi na kilichopokelewa. Jumapili moja salio la kwenye simu lilikuwa pungufu kuliko daftari, na shangazi mmoja akaanza kutazama watu kwa jicho baya. Rehema akakaa na ujumbe wote wa miamala mmoja baada ya mwingine, akakuta ni makato: kila fedha iliyotolewa ilikatwa ada, na hakuna aliyekuwa akiiandika. Shangazi akatulia, na kikao kikaendelea. Kuoanisha vitabu alikuwa ameshakufanya kwenye mkeka, akiwa na watu wa kweli na fedha za kweli, na heshima ya mtu ikiwa hatarini.

Mahojiano yenyewe yalikuwa mafupi. Walikuwa watatu, wawili wanaume na mama mmoja mwenye miwani. Mama akamwuliza: ukikuta bosi wako ameandika risiti ya uongo utafanya nini? Rehema akajibu kwamba atamwuliza kwanza, huenda kuna maelezo, na kama hayapo ataandika alichokikuta kama alivyokikuta. Walimshukuru, wakasema watawasiliana naye.

Ijumaa asubuhi ujumbe unaingia kwenye simu: "Hongera, umechaguliwa. Tuma shilingi 30,000 ya fomu na vipimo vya afya leo kabla ya saa sita." Jina la kampuni ni lingine, hata hakuwahi kuomba kwao. Moyo unamruka hata hivyo. Wiki nzima mtu akiwa anasubiri neno "umechaguliwa", neno hilo likija hata kwa mlango wa uongo linatikisa. Anamwonyesha mwenzake wa chumbani, wanaitafuta namba ile, wanagundua wenzao wengine wamepata ujumbe huohuo neno kwa neno. Wadogo zangu, Sekretarieti ya Ajira haimdai mwombaji hata senti, na mwajiri wa kweli hakuuzii kazi. Anayetaka fedha ili akuajiri ni mwizi. Mripoti na uifungie namba yake.

Baada ya hapo anakwenda kwa mhadhiri wake. Anahitaji mdhamini, yaani mtu atakayepigiwa simu na mwajiri aulizwe huyu kijana unamfahamu vipi. Kuna wanaoandika jina la mwalimu bila kumwambia. Simu ikipigwa, mwalimu anasema hamkumbuki, na maombi yanaishia hapo.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba Rehema. Karibu, kaa."

"Asante Dokta. Nimekuja kukuomba ruhusa nikuandike kuwa mdhamini wangu. Nimekuletea na wasifu wangu, na orodha ya sehemu ninazoomba."

Mhadhiri anausoma. Anafika palepale penye weupe. "Uzoefu wako ndio huu tu?" Rehema anasema ndiyo. "Hujawahi kushika fedha za mtu? Hata za kwaya, hata za msiba?" Rehema anamsimulia ya kamati. Dokta anamrudishia karatasi na kusema: "Sasa hayo mbona hujaandika?"

Jumamosi ni send-off yenyewe. Watu wamevaa sare ya kitenge cha bluu na dhahabu. Mshereheshaji anaita, muziki unanyamazishwa, na binti anatembea meza hadi meza akimtafuta mchumba wake kati ya wageni. Anamsogelea mwanamume mmoja, ukumbi unapiga vigelegele, anatikisa kichwa, anampita. Anamsogelea mwingine. Anampita. Mpaka anapomfikia mwenyewe na kumshika mkono, akina mama wameshasimama juu ya viti. Nimeiona mara nyingi na bado sijaichoka.

Rehema hana wa kumtafuta usiku ule. Ana daftari. Yuko nyuma ya ukumbi na mpishi wakihesabu sahani, analipa deni la soda, anadai risiti, anaandika. Mama mmoja mnene mwenye kilemba anamtazama kwa muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe si wa mama Rehema wa Korogwe? Mimi tulikuwa tunapakana nyumba, ulikuwa hivi." Akaonyesha kimo kwa mkono. "Unasoma nini?"

Rehema akamwambia. Yule mama ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Akasema mwenye duka anahangaika, risiti zimejaa maboksi, mauzo ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, hayakubaliani na stoo, na kila akija mtu wa kodi ni presha. Anatafuta kijana wa kumwekea vitabu sawa, hajatangaza popote kwa sababu hajui atangaze wapi. "Nimekuona unavyoandika. Niletee barua yako Jumatatu."

Sasa narudi kwa wale waliosema bethdei na sherehe zinapoteza muda. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika makala iliyokuja kusomwa dunia nzima. Aliwahoji watu wa mji wa Newton, Massachusetts, waliobadilisha kazi muda mfupi kabla. Kati ya wale waliopata habari ya kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban 17 tu kwa kila 100 walisema mtu huyo wanaonana naye mara kwa mara. Wengine wote walielekezwa na watu wanaoonana nao mara mojamoja au kwa nadra. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa watumiaji wa mtandao wa LinkedIn wapatao milioni 20, na nao wakaona kwamba mtu unayefahamiana naye kwa kiasi tu, asiye rafiki wa ndani, ndiye anayesaidia zaidi kupata kazi.

Sababu yake ni rahisi mkiitafakari. Rafiki yako wa chumbani anajua unachokijua wewe. Mko kundi moja la WhatsApp, mnasoma tangazo moja. Mama wa kilemba anaishi kwenye ulimwengu mwingine, na habari za ulimwengu wake haziwezi kukufikia Mlimani mpaka mkutane mahali. Mahali penyewe ni msibani, harusini, kwayani, msikitini, uwanjani. Rehema hakwenda Mbagala kuwinda kazi. Angekwenda kuwinda, angegawa wasifu wake mezani kama vipeperushi na watu wangemkwepa. Alikwenda kumhudumia binti wa shangazi yake, akaifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na aliyeona aliona.

Simsemi rafiki wa ndani vibaya. Yeye ndiye aliyemkalisha kitandani Jumatano usiku mpaka Kiingereza kikanyooka, na ndiye aliyemzuia kutuma 30,000 Ijumaa.

Jumapili Rehema alilala mpaka saa tatu, akafua, akampigia mama yake simu. Jioni akaufungua wasifu. Kwenye ule weupe akaandika: mtunza hazina wa kamati ya sherehe ya familia, Machi hadi Mei, kupokea na kurekodi michango, kuoanisha daftari na miamala ya simu, kuandaa taarifa ya mapato na matumizi. Yote kweli tupu, na yote yana shahidi. Akaandika barua mbili, moja ya Kariakoo na moja ya mafunzo ya uzoefu kupitia TaESA, akazisoma kwa sauti, akasahihisha. Kisha akafungua madesa, maana mitihani haimsubiri mtu, na kupata sapu, yaani kurudia mtihani, mwaka wa mwisho ni kuchelewesha kila kitu.

Kampuni ya Posta ilimwandikia baadaye kwamba nafasi zimejaa safari hii, ajaribu tena mwakani. Mwenye duka la Kariakoo alimwambia aanze Julai akimaliza mitihani. Mshahara si mkubwa. Siku akipata ajira rasmi, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kurejesha mkopo wa Bodi, ili na wewe ukija Mlimani ukute fungu. Mbele yake kuna mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inayofanyika Mei na Novemba. Na shauri la Ally na Ali bado liko NIDA.

Kwa hiyo wewe uliye kidato cha tatu au cha nne, nina ombi moja dogo kwako. Leo ukifika nyumbani mwombe mzazi cheti chako cha kuzaliwa, kiweke kando ya jina uliloandikishwa shuleni, uyalinganishe herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, mwone mwalimu wa taaluma kabla usajili wa mtihani wa taifa haujafungwa.